Maji Yafaayo kwa Udhu, Je, Yanafaa Pia Kunywa?

Mwaka huu napenda kuzungumza na wanafunzi wangu juu ya jambo ambalo huibuka darasani kila tunapofika mlango wa twahara, na muda wa kipindi hautoshi kulimaliza. Nalo ni maji ya bomba.

Sote tumehifadhi kwamba maji yanayofaa kujitwaharishia ni yale yaliyobaki katika umbile lake, hayakubadilishwa rangi, ladha wala harufu na najisi. Mwanafunzi anaijibu vizuri kanuni hii kwenye mtihani. Kisha wakati wa mapumziko anakwenda kwenye koki ileile tunayotawadhia, anakinga viganja na kunywa mpaka anashiba. Ukimuuliza anajibu: "Ustadh, si maji tohara haya?"

Ni tohara. Lakini kuwa tohara ni jambo moja, na kuwa salama kwa tumbo ni jambo la pili. Kanuni ya rangi, ladha na harufu inatuambia kama ibada imesihi. Haikuwekwa ili itueleze kama ndani ya maji hayo mna vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo. Wako wanaochanganya mambo haya mawili, tena watu wazima, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo walioko nyumbani.

Maji yetu yanatoka wapi

Watu wengi hapa Moshi husema tunakunywa maji ya theluji ya Kilimanjaro. Jina ni zuri, lakini hali sivyo ilivyo. Barafu iliyoko kileleni mchango wake ni mdogo mno. Sehemu kubwa sana ya maji ya mlima huu hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Upande wetu wa kusini, juu ya Machame, Kibosho na Marangu, katika msitu ulio kwenye mwinuko wa mita 2,000 na zaidi kidogo, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mahali pengine huzidi hapo sana. Mjini Moshi hata milimita 1,000 kwa kawaida hazifiki.

Mvua hiyo huzama ardhini, ikapenya polepole kwenye miamba ya volkano, kisha ikatokeza chini kama chemchemi. Chemchemi za Nsere na Shiri ni miongoni mwa zile ambazo mamlaka ya maji ya mji wetu, MUWSA, inazitegemea, pamoja na visima virefu. Safari hiyo ya chini kwa chini huchuja uchafu mwingi na vijidudu, kwa hiyo maji ya chemchemi iliyohifadhiwa vizuri huanza safari yake yakiwa katika hali njema kuliko maji ya mto. Mto unapokea kila kitu: samadi, mbolea, nguo zinazofuliwa, na wakati wa masika unapokea hata vyoo vilivyofurika.

Hapa wako watakaosema: "Mbona babu zetu walikunywa maji ya mfongo na wakaishi miaka mingi?" Ni kweli, Wachagga walichimba mifongo kwa ustadi wa ajabu tangu zamani, wakateremsha maji kutoka mtoni hadi kwenye vihamba. Lakini ulizeni wazee vizuri. Maji ya kunywa yalitekwa alfajiri, kabla ya mifugo kupita na kabla ya watu kuanza shughuli zao. Walikuwa na utaratibu, maana walijua kwamba maji ya saa nne asubuhi si sawa na ya alfajiri. Sisi tumeuacha utaratibu tukabaki na hoja. Tena siku hizo watu walikuwa wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 220,000 katika Manispaa ya Moshi peke yake, achilia mbali wale wa vijijini walioko juu yetu, ambao maji yao yote ya mvua na ya vyoo huteremka kuja huku.

Kinachotokea ndani ya bomba

Nawaomba msome sehemu hii taratibu, kwa sababu ndiyo isiyofahamika kwa wengi.

Bomba lililojaa maji yenye presha, hata likiwa na tundu, maji ndiyo yanayotoka nje. Utaona pametota barabarani, majani yamestawi, watoto wanacheza hapo. Uchafu wa nje ni vigumu kuingia kwa kuwa maji yanasukuma. Sasa maji yakatwe, iwe ni mgao, matengenezo au umeme wa pampu umekatika. Presha inashuka. Wale walioko mabondeni wakifungua koki, maji yaliyobaki bombani yanavutwa kuteremka, na nyuma yake bomba linanyonya kama mtu anyonyavyo soda kwa mrija. Lile tundu lililokuwa likitoa maji sasa linavuta. Linavuta nini? Linavuta kile kilicholizunguka, yaani tope, maji ya mtaro, na mahali pengine majimaji ya choo, kwa sababu nyumba nyingi hazijaunganishwa na mfumo wa majitaka, zina vyoo vya shimo au makaro yaliyochimbwa katika ardhi ileile mabomba yalikopita. Maji yakirudi, yanasukuma uchafu ule moja kwa moja hadi kwenye koki ya mtu.

Hii ndiyo maana ya ile nasaha kwamba maji yakirudi baada ya kukatika, ya mwanzo yasinywewe hata kama ni meupe. Yaache yatiririke kwenye ndoo ya kudekia au kumwagilia maua mpaka yatulie, ndipo ukinge ya kunywa, na hayo nayo uyachemshe. Vilevile tunapoona bomba linavuja, huo si upotevu wa maji tu. Ni mlango wa uchafu unaosubiri siku ya mgao. Mtu atoe taarifa: kwa mjini ni MUWSA, na kwa vijijini ni chombo cha watumia maji cha hapo kijijini au ofisi ya RUWASA ya wilaya, wakala ulioanza kazi mwaka 2019. Yale mabomba membamba ya plastiki ambayo baadhi yetu tumeyapitisha ndani ya mtaro wa maji machafu ili kukwepa gharama ya kuchimba, hayo hayahitaji mwalimu wa kuyaeleza.

Ili kuyakinga maji yakiwa njiani, mamlaka hutia klorini. Dawa hii haiui tu vijidudu vya mwanzoni, bali kiasi kidogo hubakia majini kama mlinzi wa safari. Kinachotakiwa kwa kawaida kwenye koki ni kama miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Lakini mlinzi huyu huchoka. Akikutana na uchafu mwingi humalizika, na maji yakikaa siku kadhaa kwenye tangi lililo wazi hupotea hewani.

Kutoka kwenye koki mpaka kinywani

Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba maji mara nyingi huchafuka zaidi baada ya kutekwa. Yanafika yakiwa mazuri, tukayaharibu wenyewe. Tangi la juu ya bati halina kifuniko, mjusi na ndege wanaingia. Ndoo ya maji ya kunywa ina mdomo mpana, na kila anayekuja anachovya kikombe pamoja na vidole vyake vinne. Mtoto aliyetoka chooni bila sabuni naye anachovya.

Enyi wanafunzi, sisi wa madrasa hatuna udhuru hapa. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) ya kufunika vyombo, ya kutopumulia ndani ya chombo cha kunywea, ya kutokojoa katika maji yaliyotuama, na ya kuosha mikono baada ya kuamka kabla ya kuiingiza chomboni, tunayasoma kila mwaka. Mengine tumeyafanya ya mtihani tu.

Kwa nini jicho halitoshi

Bakteria mmoja ana urefu wa kama sehemu moja au mbili za elfu moja ya milimita. Ili glasi ya maji ianze kuonekana imefifia kwa sababu ya bakteria peke yao, lazima wawe mamilioni katika kila mililita. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na yakawa na vijidudu vya kutosha kumlaza mtu hospitali.

Kwa hiyo maabara hawatazami rangi tu. Huchukua mililita 100 za maji, wakayapitisha kwenye kichujio chembamba sana, kichujio kikawekwa juu ya chakula cha bakteria ndani ya joto la nyuzi 44 hivi, na kesho yake wakahesabu vidoa vilivyoota. Wanamtafuta hasa bakteria aitwaye E. coli, ambaye makazi yake ni matumbo ya watu na wanyama. Aina zake nyingi hazidhuru. Anatafutwa kwa sababu yeye ni shahidi: akionekana majini, kinyesi kimefika, na kilichofika pamoja na kinyesi hatukijui. Kiwango kinachokubalika ni sifuri. Si kidogo, ni sifuri.

Sasa turudi kwenye fiqhi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayoyasoma hapa, maji yaliyofika qullatayn hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike moja ya sifa zake tatu. Kipimo hicho wanazuoni wa zama hizi wamekikadiria kuwa karibu na lita 200, wengine wakazidisha kidogo, nasi tumezoea kukifananisha na pipa moja. Chukueni mfano wa tangi la lita 1,000. Panya ameangukia humo akafa, akatolewa mapema, na maji hayakubadilika chochote. Kwa hukumu ya udhu, maji ni tohara na sala inasihi. Je, utayanywa? Anayesema ndiyo kwa kuwa kitabu kimeyaita tohara hakukielewa kitabu, kwani sheria yetu hiyohiyo inakataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenzake. Na kinyume chake pia kipo: maji ya bomba yaliyogeuka kahawia kwa udongo wakati wa masika yanafaa kwa udhu bila shaka, maana udongo si najisi, lakini kuyanywa hivyohivyo ni hatari, kwa sababu njia iliyoleta udongo inaweza kuleta na vingine.

Wala msidhani kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini tu. Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, wenye watu wapatao 5,000, mvua kubwa ilisomba samadi kutoka shambani ikaingia kwenye kisima kifupi cha mji. Klorini iliyokuwa ikitiwa haikutosha, na uchunguzi wa serikali uligundua kwamba waendeshaji walikuwa na desturi ya kuandika vipimo vya klorini bila kuvipima. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na 7 walifariki. Mji ule ulikuwa na mitambo, maabara na fedha, na maji yalipita kwenye bomba kama kawaida. Hapa kwetu mnakumbuka kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015, kikasambaa mikoa mingi ya Tanzania na kuwapata watu zaidi ya 20,000. Ugonjwa huo hukausha maji ya mwili, na usipotibiwa huweza kuua mtu mzima kwa saa chache tu. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari wakati anapelekwa hospitali: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na mdomo wa kijiko, visirundikwe.

Floridi, ambayo moto hauiwezi

Kuna uchafuzi mwingine ambao hautokani na choo wala mjusi, bali na mlima wenyewe. Miamba ya volkano ya Kilimanjaro na Meru ina madini ya floridi. Maji yanayokaa muda mrefu chini ya ardhi, hasa ya tambarare, huyayeyusha madini hayo. Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, meno ya mtoto yanayojengeka huota yakiwa na mabaka, kisha hugeuka kahawia na kumomonyoka, na ikizidi sana kwa miaka mingi hupinda hata mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, si kwa kuwa miili yetu ni migumu zaidi, bali kwa kuwa sehemu nyingine hapakuwa na maji mbadala, na baadaye kiwango hicho kikashushwa.

Wengi wenu mmekwenda kuogelea Chemka, kule Rundugai wilayani Hai, mkastaajabu maji yalivyo maangavu hata mchanga wa chini unaonekana. Maji ya kunywa ya Rundugai yalipopimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998 yalikutwa na floridi zaidi ya miligramu 5 kwa lita. Ni zaidi ya mara tatu ya kiwango, na hakuna jicho, ulimi wala pua inayoweza kuitambua. Ndiyo maana miradi iliyojengwa Hai kwa msaada wa Ujerumani kuanzia miaka ya 1990, ikateremsha maji ya chemchemi za juu hadi tambarare, ilikuwa neema kubwa kwa meno ya watoto.

La kushangaza zaidi ni kwamba utafiti huohuo ulikwenda na Kibosho, juu huku, ambako floridi ya majini haikufika hata miligramu 0.5, na bado meno ya watoto yalikutwa yameharibika vibaya. Watafiti walitazama mambo kadhaa, mwinuko wa mahali ukiwa mmojawapo, na jambo kubwa lililotiliwa shaka ni magadi. Yale tunayotia kwenye maharage, makande na kiburu ili viive upesi, baadhi yake yana floridi nyingi mno. Mama anaweza kuwa na bomba zuri kuliko yote mkoani, kisha akayatia madhara hayo kwa mkono wake mwenyewe ndani ya sufuria ya mtoto. Maharage yalowekwe usiku kucha, yataiva bila magadi. Najua mkaa ni ghali, lakini kuyaloweka ni bure.

Na kuchemsha hakuondoi floridi. Kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Huondolewa kwa kichujio cha mkaa wa mifupa, kama ule ambao kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, au kwa kubadili chanzo cha maji.

Tufanye nini nyumbani

Kwa vijidudu, moto ndiyo dawa ya uhakika. Maji yachemke kwa mapovu makubwa, si kutoa moshi tu. Wako wanaosema kwamba huku mlimani maji huchemka kabla ya kuwa moto wa kutosha. Ni kweli huchemka mapema: hapa mjini, kwenye mwinuko wa mita 800 hivi, ni kama nyuzi 97, na kule juu hupungua zaidi. Lakini joto hilo bado linaviua vijidudu. Dakika moja ya mapovu inatosha, na kwa wale wanaokaa au kupiga kambi juu ya mita 2,000, ziwe dakika tatu. Yapoe ndani ya chombo kilekile kilichofunikwa. Kuyamimina kwenye ndoo chafu ni kupoteza kuni.

Asiye na kuni atumie dawa ya klorini ya madukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, asubiri nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, yatuame, ndipo yatiwe dawa. Iko pia njia ya jua: chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ya lita moja au mbili, ijazwe maji maangavu na ilazwe juani kwa saa 6. Mawingu yakitanda iachwe siku mbili, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai, wakati mlima haujitokezi wiki nzima, mimi nisingeitegemea.

Swali ninaloulizwa kila mwaka: maji yenye harufu ya klorini yanafaa kwa udhu? Yanafaa. Klorini si najisi, na harufu hiyo ndogo haiyaondolei maji jina lake. Mtu yeyote akiyaona atayaita maji, hatayaita dawa. Imetiwa kwa ajili ya kuyatengeneza, na ni jambo ambalo watumiaji hawawezi kuliepuka. Basi tawadha bila wasiwasi, na asiyependa harufu katika maji ya kunywa ayaache ndani ya jagi lililofunikwa kwa saa chache, itapungua.

Kuhusu hapa madrasani: koki za kutawadhia zibaki za kutawadhia. Maji ya kunywa yaliyochemshwa yatakuwa ndani ya ndoo mbili zenye koki, kwenye kibaraza cha darasa la kwanza, na kila mwanafunzi aje na kikombe chake chenye jina. Tangi litaoshwa Jumamosi ya kwanza kabla ya kufungua muhula. Vijana wa darasa la sita waje saa mbili asubuhi na brashi na ndoo, na mmoja wao aje na kipande cha wavu wa mbu, maana ule uliofungwa kwenye bomba la kufurikia umechanika.